Umu wa Nani?

Siku binti yangu alipozaliwa, muuguzi alimfunga mkononi kile kitepe cha plastiki chenye jina la mama, maana mtoto mwenyewe huwa bado hana lake. Kiliandikwa kwa kalamu nyeusi kwamba huyu ni mtoto wa Tabu. Nilikisoma saa mbili asubuhi, mwili umechoka kabisa, na badala ya kulia kwa furaha kama akina mama wa kwenye filamu, nikaanza kucheka. Mtoto wa Tabu. Hajamaliza hata saa moja duniani na tayari anasikika kama kichwa cha riwaya.

Jina langu ndilo hilo. Kwetu Kwale si ajabu, ukiita "Tabu!" katikati ya harusi, watageuka wanawake watatu. Lakini nimeishi Nairobi miaka tisa sasa, na kila nikijitambulisha hakosi mtu wa kuniuliza, "Wacha! Tabu kama tabu?" Ndiyo, Tabu kama tabu. Tuendelee.

Kwa hivyo niliapa kwamba binti yangu atapata jina fupi, lisilojaa kila mtaa, na lisilomfanya mtu aulize chochote. Fupi, kwa sababu huu mji hukata majina hata hivyo. Wanjiku huwa Ciku, Wanjiru huwa Ciru, na Mwanaisha hupanda basi Mwembe Tayari akashuka River Road akiwa Aisha. Heri nikate mimi mwenyewe mapema.

Mume wangu hakuwa na wasiwasi. Yeye ni Mjaluo, na kwao saa yenyewe hutoa jina: usiku ni Atieno, asubuhi ni Akinyi, jua likiwa kali ni Achieng', mvua ikinyesha ni Akoth. "Huyu ni Akinyi," alisema, kama mtu anayesoma saa ukutani. Nikamwambia sawa, hilo litakuwa la pili. La kwanza nalitafuta.

Wifi yangu akanitumia orodha kwenye WhatsApp. Zuri, Nia, Imani, Ayla, na mengine ambayo sijui yametoka sayari gani. Imani, mume wangu alisema zii, hiyo imejaa, darasani kwao walikuwa wanne. Nia na Imani ni maneno yetu yaliyovuka bahari, yakaingia kwenye zile nguzo saba za Kwanzaa ambayo Maulana Karenga aliianzisha mwaka 1966, na sasa yanarudi nyumbani kama nguo za mitumba, tunayachagua upya kama hatujawahi kuyaona. Zuri ndilo lililonichekesha. Ni kivumishi kilichopoteza kiambishi chake. Mtu ni mzuri, nyumba ni nzuri, kitabu ni kizuri. Kinachoitwa "zuri" peke yake ni jina lenyewe, jina zuri. Mtoto wa watu amepatanishwa na ngeli ya jina lake badala ya ngeli yake. Mume wangu aliponisikia nikilieleza hili saa nane usiku, mtoto mkononi, aliniambia nilale.

Sikulala. Nilimwomba mdogo wangu aniletee vitabu vyangu vya fasihi, vile vya shule na vile nilivyonunua baadaye, nikaanza kuvipekua nikitafuta wasichana wenye majina mafupi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui kusoma jina. Nilifundishwa kulihukumu tu.

Kama ulifanya KCSE unajua ninachozungumzia. Majazi. Mbinu ya mwandishi kumpa mhusika jina linaloakisi tabia yake. Karatasi ya tatu, alama mbili mbili, rahisi kuliko kununua mandazi. Unaandika jina, unaandika maana, unaandika "hii ni kwa sababu," unasonga mbele. Hatukuwa hata na haja ya kusoma kitabu chote. Orodha ya wahusika ilitosha.

Tulipofundishwa majazi nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wetu, mtu mcheshi ambaye wote tulimpenda, alitafuta mfano wa karibu. "Tunaye mfano hapa hapa. Tabu, hebu simama." Nikasimama. "Haya darasa, Tabu ana tabu?" Darasa zima: "Ndiyooo!" Tukacheka sote, mimi pia, na nadhani alisahau kabla ya kengele kulia. Sisi hatukusahau. Nikichelewa gwarideni, si ni Tabu. Nikivunja glasi ya maabara, majazi hayo. Msichana mmoja alikataa kulala kitanda cha chini yangu. Mpaka namaliza kidato cha nne nilikuwa nimeshajisomea mwenyewe kama swali la mtihani, na jibu nilikuwa nalo.

Basi nilivifungua vile vitabu nikiwa na kinyongo, na ni haki msomaji alijue hilo mapema.

Nilianza na babu yetu sote, Shaaban Robert, maana huko ndiko majazi yanakoonekana wazi kabisa. Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa na Majivuno, na utetezi wake ni hadithi za wajumbe sita waliotumwa pande zote za ulimwengu: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Majina mafupi, matamu, ya kupendeza. Wote wanaume. Nikafunga kitabu taratibu.

Kigogo cha Pauline Kea kilinishikilia zaidi. Hiki hakikuwa cha enzi yangu, kilikuwa cha mdogo wangu, na nakala yake imejaa kalamu nyekundu: Majoka, joka kubwa, Kenga, kudanganya, Husda, husuda. Majina haya nayapenda. Ni ya jukwaani, ni ya kuchekesha na kutisha, na hakuna mama atakayemwita mwanawe Kenga. Tamthilia ya kisiasa inaruhusiwa kupaka rangi nzito. Swali langu liko kwa Tunu.

Tunu. Herufi nne, na kama jina la mtoto karibu nilichukue. Kando yake mdogo wangu ameandika: "zawadi, kitu cha thamani, ana thamani kwa wanasagamoyo." Alama mbili. Lakini tazama majina tunayowapa wasichana wema, vitabuni na nyumbani: Tunu, Zawadi, Hidaya, Neema, Azizi. Karibu yote ni vitu vinavyopewa mtu, vinavyopokelewa, vinavyofungiwa kwenye sanduku la bibi pamoja na kanga za sherehe. Najua Sudi pia ni bahati, na Sudi ni mwanamume. Ila bahati haina mwenyewe, humwangukia yeyote. Tunu ina mwenyewe. Ukisema tunu, msikilizaji ana haki ya kuuliza: ya nani?

Na hilo ndilo swali ambalo tamthilia yenyewe inaliuliza. Majoka anataka Tunu aolewe na mwanawe, Ngao Junior. Kwa mantiki ya jina hapo hapana tatizo: zawadi imepata mpokeaji. Tunu anakataa. Anaumizwa, anatembea kwa magongo, na bado watu wanamfuata yeye. Yaani mchezo mzima unapigana na jina la shujaa wake. Kea amemwita mwanamke zawadi, kisha akamwandikia maisha ya kukataa kuwa zawadi ya mtu. Hiyo ni kazi nzuri sana ya kiuandishi, na kalamu nyekundu ya mdogo wangu haikuiona, kwa sababu ilikuwa imeshapata alama zake mbili ukurasa wa kwanza. Nilipomwonyesha alisema, "Lakini mwongozo haukusema hivyo." Sasa nimlaumu nani.

Rosa Mistika nilikipitia haraka, maana nakikumbuka vizuri. Kezilahabi, 1971. Jina la Bikira Maria, Waridi la Fumbo, limetolewa kwenye litania na kupewa binti wa Zakaria mlevi. Dada zake nao ni Flora, Honorata, Stella, Sperantia. Nyumba nzima inanuka ubani. Tunajua Rosa anavyoishia. Mwalimu mmoja wa chuo alituambia hapa majazi yamegeuzwa kuwa kejeli, na akaridhika. Mimi naona ni hukumu ile ile, imevaliwa nje ndani. Rosa angekuwa mtakatifu tungesema jina limemfaa. Amejiua, tunasema jina limemcheka. Katika hali zote mbili tumemtazama kupitia jina, na babake aliyempiga na kumfungia tumempa nafasi ya kupumua.

Halafu nikafungua Kidagaa Kimemwozea.

Kitabu hiki nilikisoma mpaka jalada likatoka. Kilikuwa chetu, sisi wa 2015. Marehemu Ken Walibora angeingia darasani kwetu tungempigia magoti. Majina yake ni karamu ya majazi: Mtemi Nasaba Bora ambaye nasaba yake ni bora kwa maneno, Majisifu anayejisifia kazi ambayo si yake, Amani, Imani. Na kitoto. Unakikumbuka kile kitoto? Kinaachwa mlangoni pa Amani usiku. Yeye na Imani, vijakazi wawili wasio na chochote, wanakitunza, wanakipa jina. Wanakiita Uhuru. Kinaugua, na kinakufa.

Nilipofika hapo nilikuwa nimemlaza binti yangu kifuani. Ana siku tano. Nilisoma mistari michache nikashindwa. Nikakiweka kitabu chini ya mto kama mtu anayeficha kisu.

Kilichonitoa jasho ni kwamba nilikumbuka jibu langu. Nilikuwa nimeliandika kwenye mtihani wa majaribio na mwalimu akalisoma mbele ya darasa kwa uzuri wake: kitoto Uhuru ni ishara ya uhuru wa nchi za Afrika uliofia mikononi mwa raia kwa sababu ya viongozi wabaya. Alama zote. Na jibu lile ni sahihi, hata leo ningelitetea. Ila nilikuwa na miaka kumi na saba, nimesoma kuhusu mtoto mchanga anayekufa mikononi mwa watu wawili waliompenda, na sikuhisi chochote. Hata kidogo. Jina lilikuwa limeshamla yule mtoto. Mara tu alipoitwa Uhuru aliacha kuwa na homa, akaacha kuwa na uzito mkononi, akawa hoja.

Je, hilo ni kosa la Walibora? Nimelifikiria kwa siku kadhaa na nadhani ni nusu yake. Yeye amewaandika Amani na Imani wakiamka usiku, wakihangaika, na watu hawahangaikii ishara. Ukisoma polepole mtoto yupo. Lakini mwandishi anayemwita mchanga Uhuru katika kitabu cha siasa anajua tutakwenda wapi nalo, na ametufungulia mlango. Sisi tukapita tukikimbia, kengele ya mtihani nyuma yetu.

Usiku huo nilimpigia mamangu simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mtoto hajambo? Anyonya vizuri?"

"Anyonya. Mama, mbona mliniita Tabu?"

Akanyamaza kidogo. "Miaka yote hii, leo ndiyo waniuliza?"

Kisha akanisimulia. Nilizaliwa Novemba 1997. Agosti ya mwaka huo vita vya Likoni vilianza, watu wakachinjana, majirani waliotoka bara wakakimbia na virago kichwani, na mamangu mwenye mimba alilala kwa shangazi yake wiki tatu kwa sababu vijana wa kwetu walikuwa wakisakwa nyumba kwa nyumba. Baadaye ikaja ile mvua ya El Niño. Barabara zikakatika. Uchungu ulimshika maji yakiwa yamefika kizingitini, na mkunga alikuja akiwa amekunja leso mpaka magotini. "Mwaka ule ulikuwa na tabu, Tabu. Watu walikuwa wakija kukuona, kila mmoja ana lake la kusimulia. Ndipo bibi yako akasema, huyu ni Tabu, ili tusije tukasahau."

"Kwa hivyo si mimi?"

"Wewe nini?"

"Si mimi niliyekuwa na tabu."

"Wewe ulikuwa na nini wewe, mtoto wa siku moja? Tabu ilikuwa yetu."

Sijui kama unaelewa jinsi sentensi hiyo ilivyonikalia. Tabu ilikuwa yetu. Miaka ishirini na minane nimeishi na jina ambalo nilidhani linanieleza mimi, kumbe ni taarifa ya habari. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kushika kitabu, alifanya alichofanya mume wangu alipotazama saa na kusema Akinyi. Atieno haimaanishi msichana ana giza. Akoth hatarajiwi kulowesha watu. Kwetu pia Chausiku ni wa usiku tu, na Mwanajuma hakuna anayemdai chochote siku ya Ijumaa. Haya majina yanasema tulikuwa wapi wewe ulipofika. Yanamhusu mtoto kidogo sana, na hiyo ndiyo huruma yake. Darasani tulichukua majina ya aina hii, tukayapindua, tukayasoma kutoka mbele kwenda nyuma: kilichokuwa kumbukumbu ya wazazi kikawa ramli ya mtoto.

Na tunajua ramli hiyo haifanyi kazi. Mwimbaji mkubwa kuliko wote aliyewahi kutoka visiwani, aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika miaka ya 1880, aliyekwenda Bombay 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili, alipozaliwa aliitwa Mtumwa. Hilo ndilo jina. Baadaye akawa Siti, yaani bibi, mwanamke wa heshima. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, Wasifu wa Siti binti Saad, na sisi sote tunamjua kwa jina la pili. Huwa najiuliza mwalimu wangu angemwambia nini kama angemkuta kidato cha tatu. "Mtumwa, hebu simama."

Sasa nifike kwa Umu.

Chozi la Heri cha Assumpta Matei nilikisoma nikiwa nimeshamaliza shule, bila mtihani, na labda ndiyo maana nilimpenda mhusika wake mmoja bila kuambiwa. Umulkheri, binti ya Lunga na Naomi. Mama anaondoka. Baba anafariki. Umu anabaki na wadogo zake wawili, Dick na Mwaliko, na kijakazi aitwaye Sauna, ambaye siku moja anatoweka na wale wavulana wawili. Kuanzia hapo msichana wa shule anakuwa mtu mzima kwa lazima: anakwenda polisi, anaishia kwenye makao ya watoto, analelewa na Mwangeka na Apondi. Miaka inapita kabla ndugu hawa hawajaonana tena.

Jina lake kamili, ukiuliza wa Pwani yeyote, ni mama wa heri. Umu ni mama wa. Kheri ni heri. Miongozo niliyoiona imesimama hapo hapo: Umulkheri, mwenye heri, licha ya matatizo anapata heri mwishoni. Haya. Lakini kitabuni yeye huitwa Umu, na mwandishi humwita Umu, ukurasa baada ya ukurasa. Jina limekatwa, na kilichokatwa ni heri. Kimebaki "mama wa" na nafasi tupu. Halafu ukageuza kitabu ukatazama jalada: heri ile iliyokatwa kwa mtoto ndiyo iliyowekwa kwenye kichwa cha riwaya, karibu na chozi.

Sijui kama Matei alikusudia. Mkato wa namna hii hutokea kila nyumba, ndio ule wa Ciku na Ciru. Lakini angalia unavyofanya kazi. Msichana anayeitwa "mama wa" anakuwa mama wa wadogo zake kabla hajamaliza utoto wake, kisha anaibiwa hao wadogo, na jina linabaki likimning'inia mdomoni: mama wa nani sasa? Riwaya yenyewe inakaa kwenye swali hilo muda mrefu, na haimpi Umu hotuba za kulijibu. Inampa safari, njaa, ofisi za watu wazima wasiomsikiliza. Jina lake halimhukumu. Linamsubiri. Mimi naona huyu ndiye msichana aliyeitwa vizuri kuliko wote katika vitabu vyetu vya shule, na kama Chozi la Heri lina kasoro, na linazo, misukosuko mingi kupita kiasi na wahusika wanaokutana kwa bahati za ajabu hotelini na uwanja wa ndege, kwa ajili ya Umu mimi huisamehe yote.

Herufi tatu. Sijawahi kukutana na mtoto aliyeandikishwa Umu peke yake, bila ekia.

Niliogopa, sitasema uongo. Nilijiambia: utampa mtoto jina la msichana aliyeachwa na mama yake? Utamfanya "mama wa" wakati meno hayajaota? Wasichana wetu hubebeshwa wadogo zao mgongoni wakiwa na miaka sita, na wewe unamwandikia kabisa kwenye cheti? Nilizunguka na hilo siku mbili, mpaka nikajishika mkono. Hiyo ilikuwa majazi tena. Nilikuwa nimesimama mbele ya darasa nikimwambia binti yangu asimame.

Mamangu alipoambiwa, hakuogopa chochote. Alikosoa sarufi tu.

"Umu wa nani?"

"Umu tu, mama."

"Umu tu haisimami. Lazima awe wa kitu. Umulkheri, Umukulthumu. Sasa huyu wenu ni mama wa nani?"

"Atasema mwenyewe akikua."

"Haya," alisema, kwa ile haya ya Pwani ambayo maana yake ni mtajua wenyewe. Kisha akauliza, "Na la pili?"

"Akinyi."

Nikasikia amenyamaza, nikadhani simu imekatika. Kumbe alikuwa akiyaunganisha. Mama anajua Kiarabu cha madrasa, na Akinyi alishaelezwa na mkwewe.

"Umu Akinyi," alisema. "Mama wa Akinyi. Si Akinyi ni yeye?"

"Ni yeye."

"Basi huyu mtoto amejizaa mwenyewe!" Akacheka mpaka akakohoa, nikamsikia akimwita shangazi yangu aje asikie, na hapo nyuma shangazi akiuliza kwa sauti, "Na Tabu je, yeye ni nani wake?" Sikusikia mama alijibu nini, maana Umu alikuwa ameamka.